Mabati ya Mpinzani wa Zamu

Nchi yenyewe haitajwi hapa, kwa sababu sheria yake inamtaka kila anayeitaja awe amesimama wima, na msomaji huenda amekaa. Inatosha kusema kwamba ilikuwa nchi ya amani. Amani yake ilikuwa nyingi, na askari wa kuilinda amani hiyo walikuwa wengi kuliko walimu na wauguzi wakijumlishwa pamoja.

Wakoloni waliitawala miaka sabini, na walipoondoka waliacha vitu vitatu: reli iliyoishia katikati ya mbuga, wigi la Spika lililofumwa kwa manyoya ya farasi, na sheria ya dhamana. Sheria hiyo ilisema kwamba mtu anayetaka ubunge aweke rehani kitu cha thamani, na asipopata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ya kura zote, kitu hicho kichukuliwe na serikali, ili watu wasigombee kwa mzaha. Huko ilikotoka, kisiwani kwenye baridi, watu waliweka fedha. Katika Jimbo la Kwampunde watu hawakuwa na fedha. Walikuwa na mabati, na karatasi ya wakoloni ikawaandikia bati.

Kwampunde lilikuwa bonde lenye vijiji vitano, wapiga kura elfu moja mia nane na kumi na mmoja, na mbunge mmoja. Mbunge wa kwanza alikuwa Mzee Tandala. Alipofariki, wananchi walimchagua mwanawe kwa hiari yao. Mwana alipochoka walimchagua mjukuu, Mheshimiwa Dakta Sudi Tandala, ambaye aliishi mji mkuu tangu ana miaka sita, akajiandikisha kupiga kura huko huko, na alilipenda sana bonde lile kwenye picha.

Chaguzi tatu za mwanzo zilikwenda vizuri, maana hapakuwa na mgombea mwingine. Kisha wafadhili wa nje wakaleta barua. Walisema uchaguzi wa mgombea mmoja ni sawa na mbio za mkimbiaji mmoja, na kwamba wasipomwona mkimbiaji wa pili hawataleta unga wala dawa. Serikali haikuwahi kuwanyima wageni kitu. Iliagiza kila jimbo liwe na mpinzani kabla ya Ijumaa.

Kwampunde hakujitokeza mtu. Wazee wa vijiji wakakutana, wakaamua kwamba upinzani uwe zamu, kama kufyeka barabara na kusafisha josho la ng'ombe. Kaya zote ziliandikwa kwenye daftari. Kila miaka mitano kaya moja ingemtoa Mpinzani. Angegombea, angeshindwa, angeezuliwa nyumba, na kaya yake ingewekewa alama ya vyema.

Wa kwanza alikuwa mrina asali aliyeitwa Kubo. Alipata kura kumi na moja, mabati yake yakashushwa siku iyo hiyo, na mwezi wa nne akafa kwa kichomi. Daftari likaandikwa: ametimiza.

Wa pili alikuwa Bi. Makrina, mjane. Wakili wa serikali alifafanua kwamba katika nchi ile mwanamke ana haki sawa na mwanamume, kwa hiyo akaezuliwa sawa na mwanamume.

Wa tatu, Shabo, alijiona mjanja. Wiki moja kabla ya uteuzi aliuza mabati yake yote, akaezeka kwa nyasi, akakaa kusubiri kushindwa kwa raha zake. Bunge lilikutana kwa dharura na kupitisha kwamba, kwa madhumuni ya sheria, nyasi ni bati, mlango ni bati, na dirisha nalo ni bati. Shabo akabaki na kuta nne. Mbuzi wa jirani walikuwa wakikatiza sebuleni kwake wakienda malishoni, naye alizoea kuwaitikia salamu.

Mabati hayo hayakupotea. Yaliezekea Ukumbi wa Demokrasia, uliojengwa ndani ya ua wa Mheshimiwa. Wageni wakija walioneshwa kwa nje. Ndani walikaa kuku mia tatu wa kizungu, ambao hawakuweza kuvumilia unyevu.

*

Mwaka wa uchaguzi wa tisa daftari lilifunguliwa, na kidole cha Mjumbe Kiliko kikasimama kwenye kaya ya Fundi Mgaza.

"Hodi, Fundi," alisema Mjumbe. Alikuwa bado nje, kofia mkononi.

"Karibu, Mjumbe. Mbona umevua kofia? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ni zamu."

Fundi Mgaza akaiweka nyundo chini polepole.

Yeye ndiye aliyekuwa fundi pekee wa kuezeka katika bonde zima. Hapakuwa na bati Kwampunde ambalo halikupita mikononi mwake. Aliezeka kwanza, na malipo yangekuja baadaye. Mara nyingi hayakuja, naye hakuwakumbusha watu. Akipita njiani alitazama juu kwanza, ndipo akatazama watu. "Kofia ya nyumba yako imeinuka kidogo, Bi. Ruzuna," angesema, "nitapita kesho." Na kesho angepita.

Nyumba yake mwenyewe aliiezeka mwisho. Zamani ilikuwa ya nyasi. Masika moja maji yalidondoka siku kumi na moja juu ya kitanda cha binti yao Tunu, aliyekuwa na miaka miwili, na siku ya kumi na mbili wakamzika. Toka siku hiyo mkewe alibaki na kifua kibovu, na Fundi alianza kununua bati moja moja. Ilimchukua miaka tisa kufikisha ishirini na manne. Mvua ya kwanza ilipoyapiga, kwa kishindo cha kuziba masikio, mkewe alilala chali akitazama juu na kusema, "Sasa ipige kelele huko huko juu. Humu ndani sisi tunyamaze."

Sasa mkewe alikuwa amesimama nyuma ya pazia, akisikiliza.

"Mwambie tutatoa mbuzi," alisema. "Wote wawili. Na shamba la mihogo."

"Mama Tunu, mbuzi si dhamana," Mjumbe akamjibu. "Imeandikwa bati."

"Nani kaandika?"

"Wakoloni, shemeji."

"Wako wapi niwaulize?"

"Waliondoka zamani."

"Mbona waliondoka wao, karatasi yao ikabaki?"

Mjumbe aligeuza kofia mkononi. "Si lazima mabati yaende, Fundi. Thumuni ni kura mia mbili ishirini na saba tu. Ukizipata hizo, unashindwa vizuri, mabati yanabaki, na mimi nakuwekea alama yako ya vyema."

"Aliyepata nyingi kuliko wote alipata ngapi?"

"Thelathini na mbili," Mjumbe alisema. "Lakini yule alikuwa hana miguu. Watu walimwonea huruma."

*

Tume ya Uchaguzi ilimtuma Bwana Pazi, msimamizi, mtu safi mwenye mkoba uliokuwa na mkoba mwingine ndani yake. Alimkabidhi Fundi fulana moja na alama yake ya uchaguzi. Alama ya Mheshimiwa ilikuwa Jua. Alama ya Mpinzani ilikuwa Ndoo Iliyotoboka.

"Na hii ndiyo hotuba yako," alisema Bwana Pazi. "Imeshapitishwa. Usiongeze wala usipunguze. Na usilie. Aliyekutangulia alilia, wafadhili wakaandika kwenye ripoti."

Siku ya mkutano watu wote wa bonde walikusanywa kwenye uwanja wa josho. Mheshimiwa alishuka garini na kusimama juu ya zulia, na zulia lilisogezwa kila alipotaka kupiga hatua.

"Ndugu zangu wa Kwampunde!" alisema. "Kabla babu yangu hajawa mbunge, mvua ilikuwa inanyesha hapa hovyo hovyo, bila utaratibu wowote. Leo tuna masika na tuna vuli. Nani kaleta?"

"Tandala!" wakaitikia.

"Mimi naupenda upinzani. Nimeulea mwenyewe. Hata nyumbani kwangu nimeujengea ukumbi. Na kama kuna mtu hapa ana malalamiko, asimame sasa hivi ataje jina lake, jina la baba yake, na mahali watoto wake wanaposoma."

Hakusimama mtu. Bi. Ruzuna, kikongwe aliyekuwa na jino moja na ulimi wa watu kumi, alimnong'oneza jirani yake, "Kanenepa huyu. Ule ukumbi wa kuku unamlipa." Jirani akajifanya kukohoa.

Kisha Fundi akapanda. Fulana ilimbana mabegani. Alisoma, kidole chini ya mstari:

"Ndugu wananchi, mimi ni Mpinzani. Mheshimiwa hafai, ila anafaa kunizidi. Naomba kura zenu, zile mtakazobakiza. Asanteni."

Hapo hotuba iliisha. Lakini Fundi hakushuka. Alitazama juu ya vichwa vya watu, kwenye mabati yaliyokuwa yakimeta huku na huku bondeni, yote ya mikono yake.

"Jambo lingine," alisema. "Mwenye bati linalovuja aniite kabla ya Jumapili. Mzee Shabo, lile turubai lako nitakuja kulikaza. Baada ya Jumapili sijui nitakuwa na mahali pa kulaza ngazi. Kwa hiyo msione haya. Niiteni."

Bwana Pazi alimvuta mkono mpaka nyuma ya gari.

"Umetoka nje ya hotuba!"

"Nilikuwa natangaza kazi tu, mkubwa."

"Hiyo ndiyo inaitwa sera," alisema Bwana Pazi, akifuta jasho. "Usirudie."

*

Wakaanza kuja. Walikuja mmoja mmoja, kwa visingizio. Bi. Ruzuna alikuja kuomba moto, ingawa moshi ulikuwa unaonekana kwake.

"Fundi," alisema akiwa ameinama jikoni, "yangu moja ni yako. Moja tu, haiwezi kumwumiza Mheshimiwa. Usimwambie mtu."

Shabo alikuja na turubai lake. "Yangu moja," alisema. "Wengine wote watampa Jua, najua, lakini yangu iwemo."

Mhina, mlisha kuku wa Mheshimiwa, alikuja na mayai matatu ndani ya kofia. "Mimi ndiye mtu wake wa ndani, hakuna atakayenishuku. Moja."

Hata Mjumbe Kiliko alirudi, safari hii kofia ikiwa kichwani. "Sikusema kitu," alisema, akaonesha kidole kimoja, akaondoka.

Katika nchi ile kura ilikuwa siri. Ilijulikana na mpiga kura, msimamizi, afisa usalama wa wilaya na mwenye mashine ya kurudufu tu. Kila karatasi ilikuwa na namba, na namba ilibaki kwenye kishina cha kitabu cha kura pamoja na jina. Lakini kura chache za Mpinzani Tume ilizipenda, maana bila hizo ripoti ya wafadhili haikunoga, na haikuwahi kutokea mtu akasumbuliwa kwa kuwa miongoni mwa hizo chache. Kwa hiyo kila mtu wa Kwampunde alipiga hesabu yake vizuri kabisa. Yeye mmoja angeweza kuwa na huruma bila hatari, mradi wengine wote wasiwe nayo.

Kwa kila aliyenong'ona, Mama Tunu alitia punje ya hindi kwenye kibuyu. Jumamosi walizimwaga mkekani. Zilikuwa arobaini na moja.

"Ni nyingi," alisema Fundi. "Hajawahi kupata mtu arobaini na moja."

"Zinatakiwa mia mbili ishirini na saba, Baba Tunu."

"Wengine wanaona haya kunong'ona."

Mama Tunu alianza kukohoa. Ilimchukua muda kumaliza. Alipomaliza alizikusanya punje, akazirudisha kibuyuni moja moja, kisha akapanda juu ya kigoda na kulipapasa bati lililokuwa juu ya kitanda, kama mtu anayepapasa ng'ombe kabla hajapelekwa machinjioni.

*

Kanuni ya kumi na nne ilisema Mpinzani apige kura ya kwanza, hadharani, kwa Mheshimiwa, kuonesha kwamba hana kinyongo. Fundi alisimama mbele ya sanduku akainua juu karatasi yenye alama kwenye Jua. Mwangalizi wa kimataifa, mama mmoja mrefu mwenye kofia pana, alimpiga picha. "Nzuri sana," alisema. "Ukomavu."

Kwa kawaida matokeo ya Kwampunde yalichapwa kwenye gazeti la serikali wiki mbili kabla, ili kuwapunguzia makarani kazi. Wala hakuna karani wa Kwampunde aliyejua kuiba kura, kwa kuwa haikuwahi kuhitajika. Mwaka ule pia gazeti lilikuwa tayari. Lakini ndege ya yule mama mrefu ilichelewa siku moja, naye hakuwa na la kufanya. Akasema angependa kuona kura zikihesabiwa.

Bwana Pazi alifungua sanduku darasani, madirisha wazi, watu wamejaa nje.

"Jua," alisoma. Hiyo ilikuwa karatasi ya Fundi; alikuwa ameichukua makusudi ili aanze vizuri.

"Ndoo," akasoma. "Ndoo. Ndoo."

Nje watu walitazamana kwa mshangao mdogo, wenye furaha kidogo. Zilipofika arobaini na moja Fundi alimshika mkewe mkono. Zilipofika mia moja Shabo alipiga mluzi. Kila mtu aliona kwamba kumbe hakuwa peke yake, na kwa muda kama wa robo saa bonde lile lilikuwa mahali pazuri kuliko pote duniani.

"Ndoo," alisoma Bwana Pazi. "Mia mbili ishirini na saba."

Mama Tunu aliketi chini palepale kwenye vumbi. Alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, na wanawake wakamzunguka wakipiga vigelegele. Bi. Ruzuna alicheza kwa mabega.

"Basi!" Fundi alipaza sauti dirishani. "Bwana Msimamizi, inatosha! Ahsanteni, ndugu zangu, inatosha!"

"Ndoo," alisoma Bwana Pazi.

"Inatosha, mkubwa! Mabati yamepona! Zilizobaki ni za Mheshimiwa!"

"Ndoo. Ndoo. Ndoo."

Vigelegele vilikatika. Kwenye mia saba Mhina alikumbuka kwamba kuku hawajala, akaondoka akikimbia. Ilipopita nusu, watu wa nyuma walianza kurudi majumbani kinyumenyume, nyuso zikiwa bado zimeelekea darasani, ili asionekane mtu kuwa ameupa uchaguzi mgongo. Bwana Pazi aliendelea kusoma. Sauti ilimkauka, akaendelea kwa kunong'ona, kisha kwa midomo tu. Mwishowe alibaki na sanduku tupu, akalitikisa, akachungulia ndani kama mtu aliyepoteza pete.

Ndoo Iliyotoboka: elfu moja mia nane na kumi. Jua: moja.

"Hii ni kawaida?" aliuliza mama mrefu.

"Utulivu," alisema Bwana Pazi, akiwa ameshika ukuta. "Umeona utulivu?"

Mama mrefu alisikiliza. Kweli, bonde zima lilikuwa kimya. Aliandika kwamba uchaguzi ulifanyika katika hali ya utulivu mkubwa, akapanda gari, akawahi ndege yake.

*

Siku tatu baadaye yalikuja malori sita. Matatu yalikuwa na askari na matatu yalikuwa matupu. Wakili wa serikali alisimama juu ya zulia la Mheshimiwa na kusoma Tangazo.

"Jimbo la Kwampunde limefutwa, kuanzia siku moja kabla ya uchaguzi. Kwa kuwa jimbo halikuwapo, uchaguzi haukuwapo. Kwa kuwa uchaguzi haukuwapo, Mheshimiwa hakushindwa. Kwa kuwa hakushindwa, anaendelea kuwa mbunge, wa mahali patakapotangazwa."

Watu walishusha pumzi. Ilionekana kwamba mambo yameisha kwa heri.

"Naomba kuuliza, mkubwa," alisema Shabo. "Kama uchaguzi haukuwapo, basi na kura zetu hazikuwapo?"

"Kura zilikuwapo," alisema wakili. "Zilipigwa pasipo uchaguzi. Hilo ndilo kosa." Akageuza ukurasa. "Mtu anayepiga kura pasipo uchaguzi amejigombea mwenyewe. Kwa hiyo kila mmoja wenu ni mgombea. Kila mmoja amepata kura moja. Moja si thumuni. Dhamana zenu zote zinachukuliwa."

Watu waligeuka, wakatazama mapaa yao.

"Isipokuwa," alisema wakili, sauti ikawa laini, "raia mmoja. Raia mmoja tu alisimama na Mheshimiwa, na picha yake imetoka hata kwenye magazeti ya nje. Fundi Mgaza, pita mbele."

Wakamvalisha Nishani ya Uaminifu, daraja la pili. Daraja la kwanza alikuwa nalo Mheshimiwa mwenyewe. Ilikuwa nzito, na ilikuwa na picha ya Jua.

"Mkubwa," Fundi alisema, "mimi ndiye mpinzani. Ezueni kwangu. Hawa wamenionea huruma tu."

"Haiwezekani. Kumwezua raia mwaminifu ni kuvunja haki za binadamu. Sisi ni nchi ya sheria." Wakili akashuka kwenye zulia, akamshika bega. "Ila nimesikia wewe ndiye fundi wa hapa. Tumekuteua kuongoza kazi ya kuezua."

"Siwezi."

"Unaweza kukataa, ni haki yako. Ukikataa watafanya hawa vijana. Hawana nyundo, wana shoka na minyororo ya kufungia kwenye malori. Bati likija, mbao za kenchi zinakuja, na ukuta nao unakuja." Alitazama juu, mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa milima. "Wewe ungeng'oa taratibu, kuta zingebaki. Fikiria. Una saa nzima."

Fundi alifikiri. Katika saa ile ndipo alipolipoteza bonde lote, ingawa alidhani analiokoa. Alifikiri kwamba kuta zikibaki na kenchi zikibaki, siku moja mabati yanaweza kurudi. Alifikiri kwamba afadhali mkono unaoujua kila msumari. Akachukua ngazi yake.

*

Aliezua siku tisa. Alianzia vijiji vya mbali, ambako angalau walimtukana. "Mlamba viatu!" walimwita. "Ulituomba kura, kumbe yako umempa Jua!" Aliwaeleza habari ya kanuni ya kumi na nne. Wakamwambia akawaelezee kuku.

Kijijini kwake hakutukanwa, na huko ndiko nyundo ilikomshinda uzito. Kwa Shabo hapakuwa na bati. Akachukua turubai, lile aliloenda kulikaza, kwa sababu wakili aliamua kwamba turubai ni bati. Mhina alimshikia ngazi mwenyewe. Mjumbe Kiliko alileta daftari, akasimama mlangoni kwake mwenyewe akiweka alama za vyema, kaya baada ya kaya, mpaka wino ukaisha.

Nyumba ya Bi. Ruzuna ilikuwa ya mwisho. Kikongwe alikuwa amekaa ndani, kitandani, akimtazama kutoka chini kadiri bati lilivyofunguka na mwanga ukamwangukia miguuni, kisha magotini, kisha usoni.

"Polepole na misumari, Fundi," alisema. "Usiikunje."

"Siikunji, bibi."

"Nilikupa moja tu."

"Najua."

"Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Kila mtu alidhani ni yeye peke yake, bibi."

Bi. Ruzuna aliyafikiria maneno hayo. Juu yake sasa palikuwa na mbingu tupu, na ndege mmoja. "Kama tungelijua tuko wengi hivyo," alisema, "tusingelithubutu." Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Shuka taratibu, ngazi inacheza."

Malori yalibeba yote. Ukumbi wa Demokrasia uliongezwa mabawa mawili, na kuku wa Mheshimiwa wakafika elfu mbili. Kwenye ramani mpya ya nchi palipokuwa Kwampunde paliwekwa wino wa kijani, na pembeni maneno madogo: jimbo la zamani. Askari mmoja aliachwa nyuma, na kazi yake ilikuwa kulinda nyumba ya raia mwaminifu.

Mvua ya masika ilianza siku ya kumi, saa nane mchana.

Fundi alifungua mlango wake wote, na madirisha yote mawili, akasimama kizingitini na kuita. Aliita kila mtu kwa jina. "Shabo! Ingia, ndugu yangu! Mhina, leta watoto! Mjumbe! Bi. Ruzuna, nakuja kukubeba!" Waliokuwa karibu walimtazama. Walikuwa wameketi wameegemea kuta zao kwa ndani, vitenge na magunia vichwani. Alikwenda mpaka kwa Bi. Ruzuna, akainama kumnyanyua. Kikongwe alimtazama kwa upole tu, akashika mguu wa kitanda kwa mikono miwili. Hakuuachia.

Aliporudi alimkuta mkewe amekunja mkeka kwapani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Bi. Ruzuna."

"Mama Tunu, kifua chako."

"Bibi yule alicheza nilipokuwa nimekaa chini pale vumbini," alisema. "Siwezi kulala pakavu nikamsikia."

"Basi ngoja. Ngoja kidogo." Alichukua nyundo, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda, akaingiza makucha ya nyundo chini ya msumari wa kwanza wa bati la juu ya kitanda.

"Wewe Fundi!" Askari alikuwa amejikinga barazani, bunduki mapajani. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa kusihi. "Shuka, baba. Bati la raia mwaminifu ni mali ya taifa. Usinitie matatani, nami nina watoto."

"Ni nyumba yangu!"

"Ndiyo maana naambiwa niilinde. Shuka."

Alishuka. Askari akamnyang'anya nyundo, akaipangusa maji kwa heshima, akaiweka kando, kisha akamfungulia mlango aingie ndani. Mkewe alikuwa ameshapita uani, mkeka kichwani, bila kugeuka.

Fundi Mgaza alikaa juu ya kitanda, nishani kifuani kwa kuwa amri ilikuwa asiivue. Ndani palikuwa pakavu kabisa. Mvua iliyapiga mabati ishirini na manne kwa kishindo cha kuziba masikio. Aliinamisha kichwa, akabana pumzi, akatega sikio upande wa kwa Bi. Ruzuna, lakini kelele za huko juu zilikuwa nyingi, na hakuweza kusikia kama mkewe anakohoa au amenyamaza.